Nyuma ya Pazia la Duka: Familia za Wahindi Afrika Mashariki

Katika miji midogo ya Afrika Mashariki, kuanzia Bagamoyo hadi Kisumu, duka la Mhindi lilikuwa pia nyumba yake. Mbele palikuwa na kaunta, mizani na magunia. Nyuma, penye pazia tu badala ya mlango, waliishi baba, mama, watoto, bibi mzaa baba, na mara nyingi mpwa aliyeletwa karibuni kutoka Gujarat. Mpango huo ulidumu kwa takriban karne moja, tangu siku za misafara ya pembe hadi miaka ya 1970, na ndio ulioamua mambo mengi katika maisha ya wahamiaji hao: walikula nini, walioa wapi, walisema lugha gani nyumbani na majirani zao waliwaonaje. Historia nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki huhesabu pamba, reli na viwanda vya sukari. Mtaji wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa jamaa wenyewe, ambao kwa kawaida hawakulipwa mshahara.

Wahindi hawakuletwa na reli. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ulikuwa umeleta majahazi ya Kutch, Kathiawar na Bombay, magharibi mwa India, katika bandari za Unguja, Mombasa na Lamu kwa karne nyingi, na kusi ikayarudisha. Katika karne ya 19, Sultani Seyyid Said na warithi wake waliikodisha forodha ya Unguja kwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch. Wafanyabiashara wa Kihindu kama hao, ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani, walikuja wanaume peke yao. Desturi za tabaka zao zilihesabu kuvuka bahari kuwa najisi, na mwanamke ndiye aliyebanwa zaidi na katazo hilo. Mume alikaa Unguja miaka kadhaa, akala chakula cha mpishi wa tabaka lake, akalala ghorofani juu ya ghala pamoja na makarani wenzake, kisha akarudi kwa mkewe huko Mandvi, Kutch, na kumwachia ndugu yake zamu. Wapo waliokaa na wanawake wa pwani. Watoto waliozaliwa humo, machotara, kwa kawaida walibaki upande wa mama, na kumbukumbu za familia za Gujarat hazina mengi ya kusema juu yao.

Makhoja na Mabohora, Waislamu wa madhehebu ya Kishia, hawakufungwa na katazo hilo. Wao walitangulia kuleta wake zao, na kwa hiyo nyumba za kwanza za Kihindi zenye kelele za watoto zilikuwa zao. Tharia Topan alifika Unguja akiwa bado mtoto katika miaka ya 1830, akainuka mpaka akaendesha forodha na kuzikopesha fedha safari za bara. Zahanati aliyoianzisha, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, bado inatazama bandari ya Unguja kwa veranda zake za mbao zilizonakshiwa. Sewa Haji Paroo alikuwa tayari mtoto wa uhamiaji: alizaliwa Unguja mwaka 1851, akafanya makao yake Bagamoyo, akawauzia wenye misafara nguo, shanga na bunduki na kuwatafutia wapagazi. Wodi yenye jina lake ipo katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hadi leo. Kwake Bagamoyo ndiko alikojifunza kazi Allidina Visram, aliyetoka kijiji cha Kera huko Kutch akiwa na miaka 12 hivi. Mvulana huyo baadaye alitapakaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Umri wake wa kuanza kazi haukuwa wa ajabu kwa wakati ule. Kumtuma mtoto ng'ambo kwa jamaa mwenye duka kulikuwa ndiyo shule yenyewe.

Kisha reli ikaja. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Takriban 2,500 walifia kazini, wengi wa walionusurika walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na kiasi cha 6,700 tu walibaki. Imezoeleka kusemwa kwamba wenye maduka ni wajukuu wa vibarua wa reli. Si kweli kwa walio wengi. Vibarua waliobaki na mafundi waliowafuata walizaa hasa familia za mafundi: maseremala, waashi, wahunzi na makanika wa Kipunjabi, wakiwemo Makalasinga, yaani Wasikh, waliojaza karakana za Nairobi na Kampala. Watu wa duka walilipa nauli yao wenyewe, au walilipiwa na mjomba. Reli iliwafungulia soko la bara tu.

Kilichowasukuma watoke ni mashamba madogo, mvua zisizoaminika, na njaa kubwa ya mwaka 1899 na 1900 iliyopiga Kathiawar vibaya sana, hasa vijiji vya kuzunguka Jamnagar walikotoka Wajaini wa jamii ya Oshwal. Kilichowavuta ni barua. Mtu aliyekwisha kufungua duka Machakos au Tabora alimwandikia kaka yake amtumie mwanawe. Kijana alifika, akafanya kazi miaka mitatu hivi kwa chakula, malazi na posho kidogo, akajifunza bei, Kiswahili na namna ya kusoma uso wa mteja. Muda wake ulipotimia, tajiri wake au mwenye duka la jumla mjini alimpa bidhaa kwa mkopo, akaenda kufungua kiduka chake kituo kimoja mbele, mahali ambapo hapakuwa na Mhindi mwingine. Akilipa deni na kubakiwa na kidogo, alirudi India kuoa. Mke alikuja, au alifuata baada ya mwaka mmoja au miwili, kisha mdogo wake mtu, kisha mpwa. Hivyo ndivyo kijiji kimoja cha Kathiawar kilivyoweza kuwa na watu wake kwenye kila kituo cha reli.

Mpaka ndege zilipokuwa za bei ya kawaida, safari ilikuwa ya meli. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walikuja kwa Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India zilizopita kati ya Bombay, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Abiria wa tiketi ya chini walikaa sitahani na godoro la kukunja, sanduku la bati lililopakwa rangi, na chakula cha njiani. Wanawake walipika thepla kwa wingi kabla ya kuondoka, chapati nyembamba zenye majani ya uwatu ambazo hazichachi upesi, wakazila kwa achari ya embe siku nzima. Bibi harusi wengi wa miaka 16 au 17 walimfahamu mume wao vizuri kwa mara ya kwanza katika safari hiyo. Walipogeuka kutazama pwani ya India ikipotea, hawakuwa na hakika kama wangeiona tena kabla ya miaka mitano au kumi.

Nyumba waliyoikuta ilikuwa ya mabati. Kuta za mabati au udongo, paa la mabati, sakafu ya saruji pale mambo yalipokwenda vizuri. Mbele palikuwa na baraza, na juu yake fundi cherehani, mara nyingi Mwafrika, aliyeshonea hapo hapo nguo iliyonunuliwa ndani. Mlango wa duka ulifungwa kwa mbao zilizopangwa moja moja kila jioni na kubanduliwa moja moja kila asubuhi. Kwenye rafu kulikuwa na merikani, kaniki, kanga na blanketi. Chini, magunia ya chumvi, sukari na unga. Pembeni, debe la mafuta ya taa na kibaba chake. Sabuni ya mche ilikatwa kwa waya vipande vidogo kama mteja alivyotaka. Sukari ya senti kumi ilimiminwa katika kipande cha gazeti kilichozungushwa kikawa pembe, ncha ikapinduliwa, ukingo ukakunjwa ndani, bila uzi wala gundi, na mtoto wa miaka minane aliweza kufunga pembe hizo kumi huku akitazama kwingine.

Nyuma ya pazia palikuwa na chumba kimoja au viwili vya kulala, na baada yake uwanja. Huko ndiko kulikokuwa na jiko la makaa, pipa la maji ya mvua, kamba ya nguo, choo mwisho kabisa, na ghala lililonuka ngozi, ufuta au korosho kufuatana na mazao ya wilaya. Mwenye duka alikuwa muuzaji na mnunuzi: mkulima yule yule aliyenunua kanga alileta gunia la mazao. Msimu wa mavuno watoto walilala juu ya magunia kwa sababu vyumba vilijaa, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku ilianza kabla ya alfajiri kwa mama kuwasha jiko. Chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na tangawizi na iliki, chapati za jana zilizopashwa moto, kisha watoto shuleni na baba dukani. Chakula cha mchana kililiwa kwa zamu ili kaunta isibaki peke yake. Baba alipopumzika mama alishika duka, akapima, akakata nguo kwa yadi, akabishana bei, akarudi jikoni kugeuza dengu zisiungue. Jioni karabai iliwashwa, mbao zikarudishwa, na baba akafungua daftari lenye jalada la kitambaa chekundu akaandika kwa hati ya Kigujarati waliolipa na waliokopa. Kwa Wahindu na Wajaini, usiku wa Diwali ulikuwa pia usiku wa kufunga vitabu: daftari jipya liliwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, likafanyiwa ibada, na mwaka wa biashara ukaanza. Waislamu hawakuwa na ibada hiyo, lakini wengi wao nao waliandika hesabu kwa Kigujarati.

Kazi ya mwanamke katika mpango huu haionekani kwenye daftari. Hakuwa na mshahara, jina lake halikuwa kwenye leseni, na alipohesabiwa katika sensa aliandikwa mama wa nyumbani. Lakini duka la kijijini lisingestahimili gharama zake kama lingelazimika kuajiri mpishi, mpimaji, mlinzi na fundi kwa kazi aliyoifanya yeye. Alikausha papadi juani uwanjani, akasindika achari, akashona nguo za watoto kwa kitambaa kilichobaki kwenye jora. Upweke ulikuwa mzito zaidi kuliko kazi. Katika kituo chenye familia mbili za Kihindi, moja ya Kihindu na nyingine ya Kibohora, mwanamke aliweza kukaa miezi bila kuzungumza Kigujarati na mtu asiye wa nyumbani mwake. Ndiyo maana wengi walijifunza Kiswahili upesi, kutoka kwa wateja wanawake waliokaa barazani kupumzika, na mara nyingi wakakisema kwa ufasaha kuliko waume zao, ambao waliridhika na cha bei na mizani.

Jikoni, India ilibadilika polepole. Bizari, dengu na mchele viliagizwa, samli ilinunuliwa kwa wafugaji, na vitu vya shamba la jirani vikaingia chunguni: muhogo, ndizi za kupika, mahindi mabichi, nazi. Makhoja wa pwani walipika kuku paka, kuku wa kuchomwa kisha kuungwa kwa tui, ambaye babu zao wa Kutch wasingemtambua. Muhogo, ambao walizoea kuuita mogo, ulikaangwa kwa pilipili na ndimu; Wajaini washika dini tu ndio waliojinyima, kwa kuwa hawali kinachokua chini ya ardhi. Mombasa familia za Kihindi zilikwenda jioni za Jumapili upande wa mnara wa taa, zikakaa kwenye magari na kwenye ukuta wa bahari, zikala muhogo wa kuchoma na kunywa madafu. Mwendo wa kinyume ulikuwa mkubwa zaidi. Chapati, sambusa, bajia, kachori, achari na chai ya maziwa vilitoka nyuma ya pazia vikaenea mpaka vikaacha kuwa na mwenyewe. Leo familia nyingi za Kenya haziwezi kufikiria Krismasi bila chapati, na hakuna anayefikiri anakula chakula cha wageni.

Uhusiano na majirani wenyewe ulikuwa mgumu kuliko uhusiano wa vyungu. Waswahili walisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa, na methali hiyo imebeba pande zote mbili. Mkulima alimhitaji Mhindi kwa chumvi, nguo na mkopo wa miezi ya njaa. Alimshuku pia kwa mizani iliyoelemea upande mmoja na kwa bei ya mazao iliyoshuka siku ya kuuza, na mara nyingi shaka hiyo ilikuwa na msingi. Mwenye duka naye alikuwa na deni lake kwa mwenye duka la jumla wa mjini, ambaye naye alidaiwa na kampuni za Ulaya au benki, na hapo katikati kosa la mtu mmoja liliweza kumwangusha yeye pamoja na jamaa zake wote. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulifilisi wengi. Sheria za kikoloni nazo zilimbana mkulima zaidi: huko Tanganyika, deni alilopewa Mwafrika bila kibali cha ofisa wa serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Sheria ilidaiwa kumlinda, lakini ilimnyima mikopo ya kweli na kumwacha na ile ya daftari jekundu.

Ndani ya nyumba tofauti ya hadhi ilionekana kwa karibu. Hata familia ya hali ya kawaida ilikuwa na yaya na mtumishi wa kiume aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Yaya alimbeba mtoto mgongoni, akambembeleza kwa Kiswahili, na watoto wengi walisema Kiswahili kabla ya Kikutch au Kigujarati. Lakini yaya alikuwa na kikombe chake cha bati, kilichowekwa mbali na vikombe vya nyumba, na kwa baadhi ya Wahindu hakuruhusiwa kugusa maji ya kunywa. Ndoa na Waafrika zilikataliwa karibu kila mahali. Mtoto aliyelelewa na mikono hiyo alifundishwa mapema pia mahali ambapo mikono hiyo haikupaswa kufika.

Serikali za kikoloni zilifanya mpaka huo kuwa sheria. Nairobi, mtaa wa soko la Wahindi ulichomwa moto na wakuu wa mji mwaka 1902 baada ya kuzuka tauni, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alipendekeza miji igawanywe kwa rangi kwa kisingizio cha afya. Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa 1923 uliachana na ubaguzi wa sheria mijini, lakini nyanda za juu za Kenya zikabaki za Wazungu. Mhindi hakuweza kununua shamba huko, akarudi kwenye kaunta. Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu, Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na zaidi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawekwa kati ya Wahindi na Waafrika kama uzio. Mitaa iitwayo Uhindini ingali ipo Mbeya na Dodoma.

Kwa kuwa shule za serikali nazo ziligawanywa kwa rangi, na zile za Wahindi hazikutosha, kila jamii ilijenga zake. Waismailia, Makhoja wanaomfuata Aga Khan, walifungua shule Unguja mwaka 1905, na baadaye kila mji wenye jamatkhana, nyumba yao ya ibada, ulipata shule ya Aga Khan. Wahindu wa Arya Samaj wa Nairobi waliwajengea wasichana shule mapema, jambo ambalo familia nyingi za duka hazikulipenda mwanzoni. Mombasa ilipata shule ya sekondari iliyobeba jina la Allidina Visram mwaka 1923, miaka saba baada ya kifo chake. Hekalu, msikiti, jamatkhana na gurdwara ya Makalasinga zilikuwa pia mahali pa kusikia nani ana binti wa kuozwa, nani anauza duka, na nani amefilisika. Magoa, Wakristo wa koloni la Wareno, walikuwa na vilabu vyao na kazi zao za ukarani, upishi na ushonaji, na kwa nadra waliingia katika mzunguko huu wa maduka.

Familia za mafundi zilitoa aina nyingine ya mtoto. Makhan Singh alikuja Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927 akiwa na miaka 13, kumfuata baba yake aliyekuwa fundi wa reli na baadaye mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Kazi ya nyumbani kwake ilikuwa kupanga herufi, siyo kupima sukari, na kutoka hapo akaingia katika vyama vya wafanyakazi, akawaunganisha humo Wahindi na Waafrika, na mwaka 1950 akadai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Alikaa kizuizini hadi 1961. Watoto wa duka waliochukua njia hiyo walikuwa wachache. Wazazi waliokuwa wakidaiwa waliogopa siasa.

Baada ya 1945 pazia lilianza kuondoka. Akiba za vita na bei nzuri za mazao ziliziwezesha familia nyingi kutenganisha nyumba na duka. Nairobi walihama kutoka maeneo ya Bazaar na River Road kwenda Ngara na Parklands. Aga Khan III alipopimwa uzito wake kwa almasi Dar es Salaam mwezi Agosti 1946, fedha zilizochangwa zilianzisha shirika la mikopo, na sehemu ya nyumba za Upanga zilijengwa kwa mikopo ya aina hiyo. Katika miaka ya 1950 aliwahimiza wanawake wa Kiismailia waache pachedi, shela ndefu ya Kikhoja, wavae gauni fupi, na katika muda mfupi picha za familia zikabadilika. Lengo la mzazi sasa lilikuwa kumwondoa mtoto dukani kabisa: udaktari, uwakili, uhasibu, kwa kusoma Bombay au London. Jamaa watatu waliokuwa wakila chungu kimoja walipata milango mitatu, ingawa mara nyingi kwenye ngazi ile ile ya jengo moja, na mabinti walianza kupata waume Kampala au Mwanza badala ya kusubiri posa kutoka Rajkot, India.

Wakati huo huo sababu ya duka kuwepo ilikuwa ikipungua. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa ya Tanganyika waliunda vyama vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 shirikisho lao, lililoongozwa na Paul Bomani, lilikuwa linachukua ununuzi uliokuwa mikononi mwa Wahindi. Buganda mwaka 1959 mgomo wa wateja uliwafanya wenye maduka wa vijijini wafunge na kuhamia mijini. Sensa za miaka hiyo zinaonyesha ukubwa wa jamii iliyokabiliwa na uhuru: takriban Waasia, kama walivyoitwa, 177,000 Kenya mwaka 1962, 72,000 Uganda mwaka 1959, na 77,000 Tanganyika mwaka 1957.

Uhuru ulileta swali la karatasi, na familia nyingi zililijibu kwa kugawanyika. Kenya ilitoa miaka miwili ya kuomba uraia. Baba aliomba, mtoto mkubwa akabaki na pasipoti ya Uingereza, mama akabaki na ya India, ili mlango mmoja ukifungwa mwingine uwe wazi. Viongozi wa Kiafrika waliona hila hiyo kuwa ni kukosa imani, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Familia nazo zilikuwa zimejifunza kwa vizazi vitatu kutoweka mali yote mahali pamoja. Sheria ya leseni za biashara ya Kenya ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kuuza baadhi ya bidhaa na kufanya biashara katika baadhi ya maeneo. Maelfu walikimbilia Uingereza, ambayo mwezi Machi 1968 ilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia raia wake hao hao wasio na mzazi au babu aliyezaliwa huko. Tanzania ilitaifisha benki na makampuni makubwa mwaka 1967, na mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Pigo hilo liliziangukia hasa familia zilizokuwa zimeweka akiba ya vizazi kwenye jengo moja la ghorofa Uhindini.

Uganda haikuacha nafasi ya kufikiri. Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Familia zilifunga maduka zikaacha bidhaa kwenye rafu, zikapita vizuizi vya barabara ya Entebbe ambako askari walivua bangili mikononi mwa wanawake, na zikaruhusiwa kutoka na fedha kidogo sana. Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza, wakawekwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi kama Stradishall na Greenham Common. Maelfu kadhaa wengine, wengi wao Waismailia, walikwenda Kanada. Wengine India, Pakistan na nchi nyingine. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije mjini kwake. Wengi walikwenda huko huko, kwa sababu kulikuwa na jamaa.

Uhamiaji wa pili ulifuata ramani ya wa kwanza, pamoja na tofauti moja kubwa. Duka lenye nyumba juu au nyuma yake lilirudi, likiuza magazeti, maziwa na sigara, likifunguliwa mapema na kufungwa usiku, na watoto wakirudi shule moja kwa moja kwenye kaunta. Lakini mtaji wa kuanzia ulikuwa umebaki Kampala, kwa hiyo mama ndiye aliyekwenda kwanza kutafuta mshahara. Wanawake waliokuwa wamepima sukari miaka ishirini bila malipo walipata kwa mara ya kwanza bahasha yenye jina lao, katika viwanda vya soksi, taipureta na picha. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania na mumewe kabla ya kwenda Uingereza, alitoka kazini katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, mwezi Agosti 1976 na kuongoza mgomo wa karibu miaka miwili. Wagomaji walishindwa, lakini vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, ambavyo vilikuwa vimezoea kuwapuuza wanawake hao, vilisimama nao barabarani kwa maelfu.

Kumbukumbu za Afrika zilikaa zaidi jikoni na mdomoni. Mogo ipo kwenye menyu za migahawa ya Kigujarati ya Leicester na Wembley, na wazee huita sufuria, fagio na kisu kwa Kiswahili katikati ya sentensi ya Kigujarati. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada, aliandika riwaya ya The Gunny Sack mwaka 1989 kuhusu vizazi vya ukoo mmoja wa namna hii.

Waliobaki ni wachache kuliko zamani na wengi wao ni watu wa mijini. Uganda ilianza kurudisha mali zilizotwaliwa, na katika miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe walirudi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vimerejea mikononi mwa familia za Madhvani na Mehta. Kenya iliwatambua raia wake wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hiyo mwezi Julai 2017. Katika miji midogo kando ya reli ya zamani, majengo ya mabati na yale ya saruji yenye mwaka ulioandikwa juu ya mlango bado ni maduka. Wenyewe sasa ni Wakikuyu, Wachaga, Wasukuma au Wasomali, na katika mengi yao chumba cha nyuma ni stoo tu.